Katriji mpya imegoma? Usikimbilie kununua nyingine

Printa zimeingia majumbani. Miaka michache nyuma ilikuwa mashine ya ofisini au ya stesheneri, leo unaikuta sebuleni pembeni ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Wazazi tumeinunua kwa sababu inayojulikana: mwalimu anatuma kazi ya likizo kwenye kundi la WhatsApp, kurasa kumi na mbili, na chini yake ameandika kila mtoto arudi nazo zikiwa zimefanywa. Ukiwa na watoto watatu, na stesheneri ya mtaani inatoza Sh200 kwa ukurasa, hesabu inakuja yenyewe.

Mashine si tatizo. Tatizo ni wino. Printa ndogo huuzwa kwa bei ya kuvutia, na kampuni hutafuta faida yake baadaye kwenye wino. Ndiyo maana katriji mbili, ya nyeusi na ya rangi, zinaweza kukaribia bei ya printa yenyewe. Kwa hiyo katriji mpya ikigoma kabla haijachapa hata kurasa kumi, si jambo la kusema "bahati mbaya" na kuitupa. Hiyo ni hela ya mboga ya siku kadhaa.

Na bado wengi ndivyo tunavyofanya. Tunaitikisa, tunaipuliza, tunamwita kijana wa jirani anayejua kompyuta, mwisho tunaiweka juu ya kabati na kwenda kununua nyingine. Ukiwauliza watu, wanajua kuwa friji ina waranti, simu ina waranti, hata pasi ina waranti. Wino? Wanacheka. Lakini katriji halisi ina waranti, yaani dhamana ya kampuni iliyoitengeneza, na kama ina kasoro ya kiwandani unastahili kupewa nyingine bila kulipa.

Jirani yangu mmoja ni mama wa watoto wanne. Pamoja na shughuli zake nyingine, anachapa mitihani ya majaribio kwa kituo kidogo cha tuisheni, Sh100 kwa ukurasa, na hela hiyo ndiyo inayolipa michango ya shule ya kijana wake wa kidato cha pili. Mwezi uliopita, Jumanne, alinunua katriji nyeusi Kariakoo kwa Sh45,000. Boksi lilikuwa limefungwa vizuri. Jumatano usiku akaiweka kwenye mashine, kurasa nne za kwanza zikatoka safi. Ya tano ikawa na mistari myeupe. Ya saba ilikuwa kama imechapwa kwa majivu. Kisha printa ikaanza kuwasha taa ya onyo na kuandika kwamba haiitambui katriji.

Mwalimu alizihitaji karatasi Ijumaa asubuhi, watoto 70, kurasa mbili kila mmoja. Jirani akachukua zile kurasa safi, akaenda kuzitoa kopi 140 stesheneri kwa Sh100 kila moja, bei ileile anayomtoza mwalimu. Faida hakuna, na nauli ya bodaboda juu yake. Mumewe akasema alichokuwa anasubiri kukisema siku nyingi, kwamba mashine ile inakula hela. Alipokuja kwangu Alhamisi jioni alikuwa ameshaamua: angechukua hela ya mchezo, anunue katriji nyingine kimyakimya, baba watoto asijue.

"Shoga, risiti unayo?" nikamuuliza.

Alikuwa nayo. Nitarudi kwenye risiti, lakini kabla ya risiti kuna kazi ya nusu saa ya kufanya nyumbani. Muuzaji atakuuliza kama umejaribu hiki na kile, na ana haki ya kuuliza, kwa sababu si kila katriji iliyogoma ni mbovu.

Inasaidia kujua kilichomo. Katriji nyingi za printa ndogo za nyumbani, kwa mfano za HP na Canon, si chupa ya wino tu. Chini yake kuna kibamba chenye vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni, na nyuma ya kila kitundu kuna kipashajoto kidogo. Umeme ukipita, wino unachemka kwa kufumba na kufumbua, povu linaurusha tone kwenye karatasi. Canon wenyewe husimulia kuwa wazo hilo walilipata mwaka 1977, pale kifaa cha kulehemu chenye moto kilipogusa sindano yenye wino maabara na wino ukaruka. Epson wao hutumia njia nyingine isiyochemsha wino, na sehemu hiyo ya vitundu inakaa kwenye mashine, si kwenye katriji. Tofauti hii ina maana kubwa kwenye waranti, kama utakavyoona mwishoni.

Basi anza na kibandiko. Katriji mpya huja na utepe wa plastiki wa rangi uliofunika vitundu. Nimeona nyumba mbili ambako "ubovu" wote ulikuwa utepe huo, umebanduliwa nusu, nusu nyingine imebaki. Utoe wote, taratibu, bila kugusa vitundu kwa kidole.

Kisha soma namba. Namba 122 na 123 za HP zinafanana machoni, lakini printa ya moja haikubali ya nyingine. Muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa ya jirani yake. Herufi XL hazina shida, zinamaanisha wino ni mwingi zaidi. Kama kosa ni la namba, hilo si suala la waranti bali la kubadilishana na muuzaji, na unalimaliza haraka zaidi kama hujaibandua.

Kama mashine inasema haiitambui, angalia vile vidoti vya rangi ya shaba mgongoni mwa katriji. Hapo ndipo umeme na taarifa zinapopita. Vikiwa na vumbi, wino au mafuta ya vidole, mawasiliano yanakatika. Zima printa, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa kidogo kwa maji ya chupa (ya kisima yana chumvi, yaache), futa pia vidoti vinavyotazamana navyo ndani ya mashine, acha vikauke kama dakika kumi, rudisha. Usiiache katriji nje saa nzima huku unajibu simu, wino kwenye vitundu utakauka na utakuwa umeongeza tatizo la pili.

Kama ni mistari, tumia usafishaji uliomo kwenye programu ya printa. Mara mbili, tatu basi. Kila usafishaji unatumia wino, na nimewahi kumwona mtu akiisafisha katriji nzima mpaka ikaisha. Baada ya hapo chapa ukurasa wa majaribio, ule unaoonyesha mistari na rangi. Hata kama umetoka mbaya, usiutupe. Andika tarehe juu yake kwa kalamu. Huo ndio ushahidi wako.

Jambo ambalo silo la siku hiyo bali la siku zote: zima printa kwa kitufe chake, usiizime kwa swichi ya ukutani. Ukiizima kwa kitufe, inapeleka katriji pembeni na kuifunika. Ukikata umeme ghafla, katriji inabaki wazi njiani na kukauka. Umeme wa mtaa ukikatika wenyewe huna la kufanya, ila ukirudi iwashe na uizime vizuri. Wino uliokauka kwa uzembe wetu si kasoro ya kiwandani, tusimdai mtu.

Jirani alifanya yote hayo Ijumaa, kijana wake akisoma maelekezo. Mistari ilebaki, onyo lilirudi. Tukajua katriji ile ni mbovu kweli.

Sasa waranti yenyewe inasemaje? Kila kampuni ina maneno yake, lakini mfano wa HP unajulikana na unafaa kufundishia. Waranti ya katriji zao halisi inadumu mpaka wino uishe au mpaka ifike tarehe ya mwisho wa waranti iliyochapwa kwenye katriji, kimojawapo kikitangulia. Haihusu katriji iliyojazwa upya, iliyofanyiwa ukarabati, iliyochezewa au kutumiwa vibaya.

Hebu turudie hapo kwenye tarehe. Si siku uliyonunua inayohesabiwa, ni tarehe iliyochapwa. Kwa maduka yetu, ambako boksi linaweza kukaa rafu ya juu mpaka rangi ipauke upande wa dirishani, unaweza kununua katriji "mpya" ambayo waranti yake imeisha miezi minane iliyopita. Muuzaji hajakudanganya kwa neno hata moja, hukumuuliza tu. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, geuza boksi, tafuta tarehe. Mara nyingi huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, usiisome kinyume. Kama imepita au inakaribia, omba boksi jingine. Hawakatai, wana mengine nyuma.

Usichanganye waranti ya katriji na ya printa. Ya printa kwa kawaida huhesabiwa tangu siku ya kununua, na kwa mashine nyingi za nyumbani ni mwaka mmoja. Kuna mafundi na wauzaji wanaowatisha watu kwamba ukiweka wino wa kujaza mara moja tu, waranti ya printa imekufa. HP kwa mfano hawasemi hivyo. Wanasema matumizi ya wino usio wao peke yake hayaondoi waranti ya printa, ila kama uharibifu umesababishwa na wino huo, gharama ya kutengeneza ni yako. Ni jambo la haki kabisa, naona mimi.

Na hapa nimjibu baba mmoja aliyeniuliza swali kwa simu. Aliijaza katriji kwa sindano mara mbili, ikafa, tarehe ya waranti haijafika, akataka kujua kama akiirudisha dukani na kukaa kimya watamgundua. Watamgundua. Tundu la sindano linaonekana, kibandiko cha juu kilichobanduliwa na kurudishwa kinaonekana. Halafu kuna sababu iliyoiua: katriji ikiendelea kuchapa bila wino, vile vipashajoto vinaungua, kwa kuwa wino ndio unaovipoza. Mara nyingi tunaijaza ikiwa imeshakauka na kuungua. Zaidi ya hayo, alisema angemtuma binti yake aipeleke, kwa kuwa mtoto hatiliwi shaka. Hapo nilikata mazungumzo kwa adabu.

Turudi kwenye risiti. Unaijua ile sauti ya kaunta: "Na risiti au bila risiti?" Bei ya kwanza ni kubwa, ya pili imepungua elfu kadhaa, na mzazi mwenye haraka anaona ameokoa nauli. Mbali na kwamba kudai risiti ni wajibu wa kisheria wa mnunuzi, ile elfu kadhaa ni waranti unayoiuza. Katriji ikigoma utarudi mikono mitupu, na muuzaji anaweza kusema hajawahi kukuona. Wengine wanatoa risiti lakini wameandika kiasi pungufu, au mahali pa bidhaa wameandika "vifaa" tu. Mwombe aandike jina na namba ya katriji. Ni sekunde kumi.

Karatasi ya risiti za EFD ni ya joto, haina wino wa kawaida. Ikikaa kwenye pochi, juani kwenye dashibodi, au ikipakwa mafuta jikoni, maandishi yanafifia mpaka inakuwa karatasi nyeupe. Ipige picha kwa simu hapohapo dukani, namba zote zionekane na ile alama ya mraba ya kuskani isomeke. Piga na picha ya boksi, upande wenye tarehe. Picha mbili, umemaliza.

Jumamosi jirani alikwenda Kariakoo na kijana wake. Alibeba katriji ndani ya boksi lake, risiti, na ukurasa wa majaribio. Hakubeba printa, na hakuwa na haja.

"Mama, wino haurudishwi," kijana wa kaunta akasema bila kuinua macho. "Ukishafungua boksi ni wako. Soma hapo." Ukutani palikuwa na lile tangazo, mali ikishauzwa hairudishwi.

"Mwanangu, ningejuaje kama ni mbovu bila kufungua?"

"Labda umeijaza."

"Nimenunua kwenu Jumanne, risiti yenu hii hapa, leo Jumamosi. Iangalie vizuri kama ina tundu. Halafu mnayo mashine kama yangu pale, iweke tuone wote."

Kijana akasitasita. Watu wawili waliokuwa wakinunua karatasi wakageuka kuangalia. Mtoto wake, aliniambia baadaye, aliona aibu mpaka akajifanya anachagua chaja za simu. Mwenye duka akatoka nyuma, mtu mzima, akaichukua katriji mwenyewe na kuiweka kwenye mashine ya dukani. Ukurasa ukatoka na mistari ileile. Alipojaribu tena, taa ileile ikawaka.

"Ni kweli mama, hii imekufa," akasema. "Lakini siwezi kukupa nyingine sasa hivi. Mimi nachukua kwa wakala, lazima na yeye aikubali ndipo anirudishie. Niachie, upite baada ya wiki mbili."

"Sawa baba. Niandikie basi."

Hilo la kuandikiana ndilo nililomsisitizia kuliko yote. Ukiacha kitu dukani bila maandishi, umekipoteza mara ya pili. Mzee aliandika kwenye karatasi yenye muhuri wa duka: amepokea katriji moja, namba yake, tarehe, namba ya risiti, na kwamba inapelekwa kwa wakala kwa madai ya waranti. Akaweka namba ya simu. Jirani alipiga simu mara mbili, ya kwanza hakuna jibu la maana, ya pili akaambiwa apite. Siku ya kumi na mbili akachukua katriji mpya, akaijaribu palepale kwenye mashine yao kabla ya kuondoka.

Zile kopi 140 hakuna aliyemlipa. Waranti inarudisha bidhaa, hairudishi nauli wala faida uliyoikosa. Lakini Sh45,000 ya mchezo haikuguswa na michango ya kijana imelipwa. Baba watoto naye aliambiwa kila kitu. Sikuuliza alijibu nini.

Sipendi kuwabeza wauzaji. Wengi wanabanwa na wakala, na wapo wateja wanaoleta katriji za kujaza na kuapa kwa majina yote. Ila mfumo wao wa ndani si mzigo wa mteja. Uliponunua, ulinunua kwake, si kwa wakala usiyemjua.

Na lile tangazo la ukutani? Lina nguvu pale ulipobadili mawazo, au ulipochukua rangi usiyoitaka. Kwa bidhaa mbovu ni habari nyingine. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania Bara, Sura ya 214, ina kanuni ya zamani yenye asili ya Uingereza: ukinunua kitu kwa maelezo yake kutoka kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu vya aina hiyo, kuna sharti hata kama halikuandikwa kwamba kitu hicho kiwe na ubora wa kuuzika. Kama ulikikagua kabla ya kununua, kasoro ambazo ukaguzi wako ungepaswa kuziona ni zako. Lakini hakuna jicho linaloweza kuona ndani ya boksi kwamba vitundu vya katriji havifanyi kazi. Nayo Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na chombo chake ni Tume ya Ushindani, FCC, ambayo hupokea malalamiko ya walaji. Kwa wasomaji wetu wa Kenya, iko Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012.

Siwashauri wazazi waingie dukani wakitaja vifungu. Ukianza na sheria, mwenzako anaanza na ukali. Anza na katriji, risiti na mashine yake. Jina la FCC liweke akiba kwa siku ambayo umekataliwa waziwazi ukiwa na ushahidi wote mkononi.

Kama duka limefungwa au limehama, jambo la kawaida kwetu, hujafika mwisho. Waranti ya kampuni si ya duka. Kampuni kubwa zina ukurasa wa huduma kwa wateja mtandaoni, unachagua nchi yako na kuulizwa namba ya bidhaa, tarehe iliyochapwa na tatizo. Watakutaka usome namba ndogo zilizochapwa ubavuni mwa katriji, kwa hiyo usiitupe wala kuifuta kwa nguvu.

Yote haya yanahusu katriji halisi. Bandia haina waranti ya mtu yeyote, na FCC hiyohiyo ndiyo inayosimamia sheria ya kupambana na bidhaa bandia. Tazama herufi za boksi zilizokosewa, rangi iliyofifia, gundi iliyofunguliwa na kufungwa tena, kibandiko cha usalama kisichobadilika ukikigeuza kwenye mwanga. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, jiulize nusu nyingine inalipwa na nani. Siyo kwamba kila isiyo ya kampuni ni bandia: zipo katriji halali za watengenezaji wengine, zenye majina yao wenyewe kwenye boksi, za bei nafuu. Hizo dai waranti ya huyo aliyezitengeneza au ya duka, na uliza kabla ya kulipa.

Ndugu walioko Marekani nao wanatuletea katriji kwenye mabegi, tunashukuru. Ila baadhi ya kampuni zimegawa dunia kwa kanda, na printa iliyouzwa kanda moja inaweza kuikataa katriji ya kanda nyingine. Si mbovu, imevuka mpaka. Shemeji akiuliza alete nini, mwambie alete kitu kingine.

Wengi mmeniuliza kuhusu printa za matangi, zile za kumimina wino kutoka kwenye chupa. Kwa nyumba inayochapa kila wiki, mimi naziona ni nafuu kwa ukurasa, ingawa bei ya kuanzia inauma. Lakini kumbuka nilichosema juu: huko vitundu ni sehemu ya mashine au ni kichwa kinachokaa muda mrefu, kwa hiyo mistari ikitokea, unachodai ni waranti ya printa. Isajili mtandaoni wiki ileile uliyoinunua, na usome masharti, kwa sababu kampuni nyingine huhesabu miaka au idadi ya kurasa, kimojawapo kikitangulia. Ukimimina wino wa chupa za mtaani na kichwa kikaziba, jibu la wakala unalijua.

Swali la mwisho lililoletwa na mama mmoja: ameshatupa boksi, je, waranti imepotea? Hapana. Namba na tarehe ziko kwenye katriji yenyewe, na risiti ndiyo muhimu zaidi. Ila boksi hurahisisha mazungumzo kaunta, na safari hii alihifadhi mpaka kurasa ishirini za mwanzo zitoke safi. Baada ya hapo wape watoto wachezee.